Diski moja, kompyuta mbili: faili zangu zinanikataa, za kaka yangu zinanikubali

"Nina diski ya nje ya TB 2, niliifomati ext4 (mfumo wa Linux wa kupanga faili). Kwa miaka mitatu mimi na kaka yangu tumeitumia kwenye kompyuta ya mezani yenye Ubuntu (aina ya Linux), kila mmoja na akaunti yake. Juzi nimepata laptopu, nayo nikaiwekea Ubuntu. Nikichomeka diski kwenye laptopu, faili zangu mwenyewe zinasomeka tu. Nikihariri na kutaka kuhifadhi, naambiwa sina ruhusa. Cha ajabu, folda ya kaka yangu, ambayo kwenye kompyuta ya mezani hainifungukii, hapa inafunguka kama yangu. Rafiki alinipa amri ya sudo chmod -R 777. Ilisaidia siku mbili, kisha faili mpya zikaanza kukataa tena, safari hii kwenye kompyuta ya mezani. Je, diski inakufa? Niifomati? Na dada yetu anatumia Windows, naye anaitaka. Afanyeje?"

Pole kwa usumbufu, na ahsante kwa kueleza kila ulichokiona bila kuruka. Hicho ulichokiita cha ajabu ndicho kilichonipa jibu. Kwa dalili ulizozitaja diski yako haifi, na tafadhali usiifomati leo. Kompyuta zako mbili zinakujua kwa namba mbili tofauti, na diski inabeba namba. Jina lako hailijui kabisa.

Tulione hilo kwa macho. Chomeka diski kwenye laptopu, ingia ndani yake kwa terminali (dirisha la kuandika amri), kisha andika:

ls -ln

Herufi n mwishoni inaiambia kompyuta ionyeshe namba za wamiliki badala ya majina. Kabla ya ile amri ya 777 ungeona mistari inayofanana na hii:

-rw-rw-r-- 1 1001 1001 48211 ripoti.odt
drwx------ 2 1000 1000  4096 barua

Sasa andika id kwenye laptopu, kisha siku nyingine uiandike kwenye kompyuta ya mezani ukiwa kwenye akaunti yako. Natarajia laptopu itakuambia wewe ni 1000, na ya mezani itakuambia wewe ni 1001. Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000, anayefuata 1001, na kuendelea hivyo. Kwenye kompyuta ya mezani kaka yako ndiye aliyeandikishwa kwanza, wewe ukafuata. Kwenye laptopu uko peke yako, kwa hiyo 1000 ni wewe.

Fikiria mwanafunzi aliyehama shule akiwa na daftari ambalo juu yake pameandikwa namba tu, 14. Shule mpya nayo ina namba 14 katika rejista yake, lakini ni mtoto mwingine. Mwalimu akiliokota daftari atamkabidhi huyo mwingine, na hatakuwa amekosea, maana amefuata rejista aliyonayo. Laptopu yako imefanya hivyo hivyo. Imeona ripoti.odt ni ya 1001, imetazama rejista yake, haina mtu huyo, ikakuweka kwenye kundi la "wengine", ambao kwa mstari ule wana r peke yake, yaani kusoma. Imeona folda ya barua ni ya 1000, ikatazama rejista, ikakukuta wewe, ikakufungulia. Wakati huohuo faili mpya unazotengeneza kwenye laptopu zinaandikwa 1000, kwa hiyo kule kwenye kompyuta ya mezani kaka yako anaziona ni zake na wewe unaonekana mgeni.

Hapo kuna dhana moja niitoe, kwa sababu ina madhara. Watu wengi huamini kwamba ruhusa za faili ni kufuli lililofungwa kwenye diski yenyewe. Ruhusa ni maandishi tu yaliyoko kwenye diski, na kompyuta inayoifungua ndiyo inayoamua kuyaheshimu. Yeyote mwenye nenosiri la msimamizi kwenye kompyuta yake mwenyewe anaweza kuichomeka diski yako na kusoma kila kitu. Kama kaka yako ana barua ambazo kweli hataki zisomwe, kinga yake ni usimbaji, yaani kuzigeuza data zisisomeke bila nenosiri: LUKS kwenye Linux, BitLocker kwenye Windows, au VeraCrypt inayofanya kazi kwenye mifumo yote miwili na kwenye Mac. Ruhusa zinasaidia watu wanaotumia kompyuta moja wasikanyagane. Mtu aliyeondoka na diski mkononi hazimzuii.

Na hili linanileta kwenye 777. Rafiki yako alikusudia mema, lakini naomba uelewe amri ile ilifanya nini. Ilipita kwenye kila faili na kila folda ikaandika kwamba mmiliki, kikundi na mtu mwingine yeyote wanaruhusiwa kusoma, kuandika na kuendesha. Folda ya kaka yako iliyokuwa imefungwa sasa iko wazi kwa kila akaunti kwenye kila kompyuta. Mwambie leo, ni haki yake kujua. Picha na nyaraka zote nazo sasa zina alama ya programu inayoweza kuendeshwa, jambo lisilo na faida yoyote kwako. Na kama mmoja wenu alihifadhi humo funguo zake za SSH (programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali), programu hiyo itazikataa hadi ruhusa zibanwe upya.

Mbona ilisaidia siku mbili tu? Kwa sababu chmod hurekebisha vilivyopo wakati huo. Haiweki sheria kwa faili zitakazozaliwa kesho. Faili mpya huzaliwa na ruhusa za kawaida, 664 au 644, yaani wengine husoma tu, pamoja na namba ya aliyeitengeneza. Ukiirudia 777 kila wiki utakuwa unapiga deki huku bomba linavuja.

Kuna hatari nyingine ya amri zenye -R (kupita kila kilichomo ndani ya folda) pamoja na sudo (kutenda kama msimamizi), nami siwezi kuinyamazia. Niliwahi kuletewa kompyuta ambayo mwenyewe aliandika amri kama hiyo, akaacha nafasi moja baada ya mkwaju wa kwanza wa anwani ya folda. Kompyuta ikaelewa "/" peke yake, yaani mfumo mzima. Baada ya hapo hata sudo yenyewe ilikataa kufanya kazi, maana ilikuwa imepoteza alama maalumu inayoiwezesha kutenda kwa niaba ya msimamizi. Faili zake binafsi tuliziokoa, lakini mfumo ilibidi uwekwe upya. Kila unapoandika -R, soma mstari mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Kabla ya kurekebisha, hakikisha kwanza kwamba ni ruhusa kweli. Jaribu kuhifadhi faili kupitia terminali, kwa mfano touch jaribio.txt, usome ujumbe unaorudi. "Permission denied" ni suala hili tunaloongelea. "Read-only file system" ni jambo jingine: diski nzima imefunguliwa kwa kusomwa tu, mara nyingi kwa sababu mfumo umekuta hitilafu ukaamua kuilinda, na hakuna chmod itakayosaidia. "Input/output error" ni mbaya zaidi, nitaigusa mwishoni. Andika pia df -T uone diski imefomatiwa kwa mfumo gani, maana dawa ya ext4 haifanyi kazi kwenye exFAT, mfumo mwingine wa kupanga faili, na watu wengi hupoteza jioni nzima kwa kutotazama safu hiyo moja.

Sasa tuje kwenye dawa. Ziko tatu, na chaguo lako linategemea sana hilo swali la dada.

Ya kwanza ni kuzifanya kompyuta zote mbili zikujue kwa namba moja. Laptopu ni mpya na uko peke yako humo, kwa hiyo ni rahisi kuibadilisha hiyo uwe 1001. Mfumo haukubali kubadilisha namba ya mtu aliyeingia kwenye akaunti yake wakati huo, hivyo unahitaji akaunti ya pili ya msimamizi kwa muda. Angalia mtego: ukiitengeneza kwa njia ya kawaida, akaunti hiyo ya muda itapewa 1001, namba ileile unayoitaka. Ipe namba ya mbali:

sudo useradd -m -u 1900 -G sudo msaidizi
sudo passwd msaidizi

Washa kompyuta upya, ingia kama msaidizi, kisha, ukiweka jina la akaunti yako mahali pa jinalako:

sudo groupmod -g 1001 jinalako
sudo usermod -u 1001 jinalako
sudo chgrp -R jinalako /home/jinalako

Amri ya usermod hubadilisha yenyewe umiliki wa vilivyomo kwenye folda yako ya nyumbani. Cha kikundi ndicho unachokimalizia kwa mstari wa tatu. Ukirudi kwenye akaunti yako, faili zako za zamani kwenye diski zitakutambua papo hapo. Itabaki kazi moja ya mkono. Zile faili ulizotengeneza kwa laptopu tangu ulipoinunua zimeandikwa 1000, sawa na za kaka yako, na namba haiwezi tena kuwatofautisha. Zitafute kwa tarehe na kwa kumbukumbu yako, kisha uzirudishe kwako kwa sudo chown 1001:1001, moja moja au folda kwa folda. Usitumie amri ya kubadilisha kila kilicho cha 1000, utachukua na vya kaka yako.

Njia hii ni safi na naipenda, ila inatibu kompyuta zilizo mikononi mwako tu. Akija mtu wa nne na laptopu yake, mnaanza upya.

Ya pili ni kikundi cha pamoja, nayo inafaa mnapotaka wote wawili kuandika kwenye folda zilezile. Kwenye kila kompyuta ya Linux mnatengeneza kikundi chenye namba moja, na namba ndiyo muhimu kuliko jina:

sudo groupadd -g 5000 familia
sudo usermod -aG familia jinalako

Kwenye kompyuta ya mezani muongeze na kaka yako. Kila mtu atoke kwenye akaunti yake na kuingia tena, vinginevyo kompyuta haitajua kwamba ameingizwa kikundini. Kisha tengeneza folda moja ndani ya diski, iite Pamoja, uhamishie humo vile tu mnavyoshirikiana. Diski nzima usiiguse. Chukulia diski yenu inafunguka kwa anwani ya /media/jinalako/DISKI:

sudo chgrp -R familia /media/jinalako/DISKI/Pamoja
sudo find /media/jinalako/DISKI/Pamoja -type d -exec chmod 2770 {} +
sudo find /media/jinalako/DISKI/Pamoja -type f -exec chmod 660 {} +
sudo find /media/jinalako/DISKI/Pamoja -type d -exec setfacl -d -m g:familia:rwx {} +

Utaona nimetenganisha folda na faili. Huenda ukakuta mahali wanakushauri chmod -R na X kubwa, inayotoa haki ya kuendesha kwa folda peke yake. Ni ushauri mzuri kwa diski nyingine, lakini kwenye yako hautafaa: X kubwa huiacha alama hiyo kwenye faili yoyote ambayo tayari inayo, na baada ya 777 faili zako zote zinayo. Ndiyo maana tunatumia find. Ile 2 mbele ya 770 inafanya kila kitakachozaliwa ndani ya folda kirithi kikundi cha familia, na mstari wa setfacl unafanya kikundi hicho kipewe haki ya kuandika hata kama kompyuta ya mtu imewekwa kuwa na mkono mgumu. Hapo ndipo 777 ilipokwama, maana sasa kuna sheria kwa faili za kesho pia.

Kasoro yake ni moja, na nisingependa uigundue peke yako usiku wa manane. Faili iliyonakiliwa au kuhamishwa kutoka mahali pengine huja na tabia zake za zamani, na inaweza kuingia Pamoja bila haki ya kikundi kuandika. Ukiona faili moja inakataa wakati jirani zake zinakubali, ndiyo hiyo. Rudia mistari mitatu ya kwanza na itakaa sawa.

Ya tatu ni kuachana na umiliki kabisa, kwa exFAT. Mfumo huu hauhifadhi mmiliki wala ruhusa. Windows, Mac na Linux ya miaka hii zinausoma na kuuandika bila kuongezewa kitu. Kwenye Linux umekuwa ndani ya kiini chenyewe tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019. Kompyuta inapoifungua diski, inaamua yenyewe vitu vyote ni vya nani kwa wakati huo, kwa kawaida aliyeko mbele ya skrini. Usishangae ukiona faili zote zina alama ya kuendeshwa, na usihangaike na chmod humo, maana hakuna mahali pa kuandika mabadiliko yake. Ikitokea kaka yako ameifungua diski kwenye akaunti yake kisha ukabadili kuingia yako bila kuichomoa, itaendelea kumtambua yeye. Itoeni na kuichomeka upya.

Unachopoteza kwa exFAT ni cha kweli. Haina daftari la kumbukumbu ambalo ext4 na NTFS (mfumo wa Windows) hutumia kujinasua baada ya kukatika ghafla, kwa hiyo tabia ya kuchomoa bila kuiaga kompyuta ina gharama kubwa zaidi. Haibebi viungo vya Linux wala ruhusa, kwa hiyo bakapu ya folda yako yote ya nyumbani ikinakiliwa humo moja kwa moja itarudi pungufu. Majina yenye nukta mbili au alama ya kuuliza nayo haiyakubali. Hata hivyo kwa picha, video, muziki na nyaraka, yaani vitu ambavyo ndugu hupeana, hivyo vyote ni vidogo. Na haina kile kikomo cha FAT32, mfumo wa zamani, cha faili moja kutofikia GB 4.

Kwa kuwa dada yenu anatumia Windows, na Windows haisomi ext4 hivihivi, mimi ningewashauri exFAT kwa vitu vya kushirikiana. Kama diski ina bakapu zenu za Linux pia, igaweni: sehemu kubwa exFAT, sehemu nyingine ibaki ext4. Mwonyeni dada mapema kwamba Windows ikikutana na sehemu isiyoijua huenda ikamuuliza kama aifomati. Jibu ni hapana. Na kufomati kunafuta, kwa hiyo nakilini kwanza kila kitu kwenye diski nyingine, mfungue faili kadhaa huko kuhakikisha zinafunguka, ndipo mguse hii.

Huenda mtajiuliza kuhusu NTFS, kwa sababu Linux inaiandika vizuri siku hizi. Inawezekana, lakini inarudisha ugonjwa uleule kwa sura nyingine. Windows nayo humtambua mtu kwa namba ndefu, inayoanza na S-1-5-21, ambayo ni ya kompyuta husika. Dada akipeleka diski kwenye Windows nyingine, mmiliki ataonekana "Account Unknown" na ile namba ndefu. Akikubali kubonyeza Continue, kompyuta hiyo inamwongeza kwenye orodha ya ruhusa za folda husika, na kwa folda kubwa hilo linaweza kuchukua muda, asichomoe katikati. Kwa diski ambayo tayari ni NTFS, dawa ni kutoa haki kwa utambulisho ambao ni mmoja kwenye Windows zote. S-1-5-11 ni huo, yaani yeyote aliyeingia kwa akaunti halali. Kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kama msimamizi:

icacls "E:\Pamoja" /grant "*S-1-5-11:(OI)(CI)M" /T

Ikikataa kwa sababu dada si mmiliki, takeown /F "E:\Pamoja" /R hutangulia. Amri hizi ni za diski ya nje tu, kamwe zisipelekwe kwenye C. Na NTFS ikifika Linux ikagoma kuandikwa, angalia kwanza kama Windows ilizimwa kikamilifu. Ikilala nusu, huiacha diski katika hali ambayo Linux huogopa kuigusa.

Siku ikija Mac, kumbuka mambo mawili. Inasoma NTFS lakini haiandiki, kwa hiyo kukataa huko hakuhusiani na ruhusa. Na kwa diski iliyofomatiwa kwa mfumo wa Mac wenyewe, dirisha la Get Info lina kisanduku chini kabisa cha kupuuza umiliki, "Ignore ownership on this volume". Kikiwa kimewekwa tiki, mkanganyiko huu wote wa namba unanyamaza.

Kuna hali ambazo sitaki uendelee peke yako. Ukipata "Input/output error", diski ikigonga kwa sauti, au ikipotea na kurudi, jaribu kwanza kebo na tundu jingine. Ikiendelea, izime, usiirekebishe, usiijaribishe, umpelekee mtu anayeokoa data. Kila dakika inayozunguka ikiwa mgonjwa inaweza kupunguza kinachookoleka. Kama faili zilisimbwa na Windows yenyewe, zile zenye alama ndogo ya kufuli, kuchukua umiliki hakutazifungua. Unahitaji cheti cha akaunti iliyozisimba, na kompyuta ile ya zamani isifutwe kabla hakijatolewa. Kama diski au kompyuta ni ya ofisi, ruhusa zilizomo huenda ziliwekwa kwa makusudi, kwa hiyo muone msimamizi wa mifumo wa hapo kabla ya amri yoyote niliyoandika. Na kama hii ndiyo nakala pekee ya picha za familia, tafuta mtu aliyezoea kazi hii akae nawe mezani mnaponakili. Hilo linafaa hata kwa anayejua amri zote.

Njia yoyote mtakayochagua, msiirudishie diski mzigo wote siku hiyohiyo. Tengeneza faili moja tupu kwenye laptopu, ihariri kwenye kompyuta ya mezani kwa akaunti yako, kisha kwa ya kaka yako, kisha kwa dada, uirudishe kwenye laptopu na kuifuta. Ikipita mikono yote minne bila kukataa, ndipo unakili vingine.